Malkia Niliyemshonea Ndani ya Eda

Wambui, siku ile ya keki ya kuniaga ulinishika mkono ukaniambia, "Mama Zuhura, usiende na hizo vitu zote kwa kichwa. Tu-andikie." Basi nimekaa hapa Fridley, pembeni mwa Minneapolis, dirishani, mbele ya cherehani yangu, naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kinachonitosha. Wewe Mkenya utahangaika nacho kidogo, kisha utawatafsiria wenzako wa karakana. Waliosema Kiingereza nimeyageuza maneno yao mwenyewe. Nani alipandishwa cheo na nani alistahili sitayagusa, hayo mmeyasikia ya kutosha pale kwenye meza ya chai. Nataka kuwaeleza kuhusu mkasi, sindano, Mama Karin, na ule mchezo wa Malkia Maria Theresa ulionikuta na msiba na nusura uninyang'anye kiti changu.

Nilifika nchi hii nikimfuata mume wangu Rajabu, ninyi mkimjua kwa Baba Zuhura tu, aliyekuja kusoma uhandisi akaishia kiwandani hapa hapa Fridley, akikagua pampu. Zuhura, binti yetu, alikuwa bado wa kubebwa. Ushonaji nilifundishwa Tanga na shangazi yangu, gauni za maharusi na sare za shule. Fridley nikawa nakunja suruali za majirani, mpaka jirani mmoja aliyekuwa akifanya usafi kwenye thieta ya Minneapolis akaniambia karakana yao ya mavazi inatafuta mtu. Rajabu alinipeleka. Tulidhani ni mahojiano ya dakika kumi, kwa hiyo akabaki kwenye gari na injini ikinguruma kwa ajili ya baridi. Nilitoka baada ya saa tatu nikamkuta amelala fofofo, na petroli tuliyobaki nayo ilitufikisha nyumbani kwa dua.

Kilichokula saa tatu ni matundu matano ya vifungo. Mkuu wa karakana, mama mrefu mwenye mvi fupi aitwaye Karin, hakuniuliza nimetoka wapi wala nimesoma nini. Alinipa kitambaa, sindano na uzi, akaniambia nitoboe matundu matano na kuyazungushia kwa mkono, kisha akarudi kwenye meza yake. Nilipomaliza aliyakagua kwa lenzi moja baada ya jingine, akaweka kidole kwenye la nne. "Hapa ulichoka," akasema. Ilikuwa kweli. Akaniambia nije Jumatatu.

Pale kila mtu huitwa kwa jina lake, hata mkubwa wa wakubwa. Mimi mtu aliyenizidi miaka kumi na mitano siwezi kumwita jina kavu, ulimi unagoma, kwa hiyo nikamwita Mama Karin. Alinitazama, akasema hana mtoto. Nikamwambia haidhuru. Mwezi haukupita karakana nzima ikawa inamwita hivyo hivyo, na sikuona akikasirika. Yeye naye jina la Mwanahamisi lilimshinda, akaliachia njiani, nikawa Mwana. Nimeitwa Mwana na bibi yule mpaka nami nikaota mvi.

Mengi mnayoyafanya leo ni yake, ingawa mnadhani ni yangu. Mkasi wa kitambaa haukati karatasi, hata kama mchezo unaanza kesho. Kastabini inavaliwa tangu asubuhi, siyo baada ya kujichoma. Kabla ya kukata hariri, itundike kwenye sanamu ya kupimia nguo, uondoke, unywe chai, halafu urudi uitazame upya. Na pigeni bandi, ule mshono wa muda, kila mahali, hata pale mnapojiona mabingwa, kwa sababu bandi unaifumua kwa dakika moja na mshono wa cherehani unaufumua huku unalia. Hii ya mwisho ni yangu, ila nilimsingizia yeye ili mnitii.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na nyingi zilikuwa za matumbo. Kuna mwigizaji mmoja alinenepa mchezo ukiwa unaendelea, akanishtaki kwamba nguo zake nazipiga pasi mpaka zinarudi. Sikubishana naye. Kila Jumatatu nilimwachia ubavuni nusu inchi kimyakimya, naye akawa anatangaza kwamba amepungua. Kesi nyingine ilikuwa ya harufu. Nguo za jukwaani hazifuliwi kila siku, hupuliziwa vodka kwapani, ikikauka inaondoka na harufu. Nilipokabidhiwa chupa ile mara ya kwanza niliishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Mama Karin aliona, akaichukua, na kwa miaka yote aliyobaki kazini yeye ndiye aliyepulizia. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikinuka, na Rajabu alikuwa akinipokea mlangoni, "Mke wangu, leo umeshona au umekunywa?"

Sasa nifike kwa malkia. Mama Karin alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na wewe Wambui ulikuwa mgeni wa miezi miwili, thieta ilipoamua kuweka jukwaani mchezo mpya juu ya Maria Theresa, aliyetawala Austria na Hungaria karne ya kumi na nane. Mama Karin alikuwa na kawaida ya kusoma maisha ya mtu kabla ya kumkatia nguo. Alikuwa akitusimulia huku chaki ikitembea, sentensi moja kila baada ya robo saa, nasi tukingoja. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka ishirini na tatu na mimba tumboni, na wafalme majirani wakaona huyu ni binti tu, wakamvamia kumpora nchi. Akapigana nao huku akizaa. Alizaa watoto kumi na sita, wasichana kumi na mmoja na wavulana watano, na inasemekana alikuwa akitia sahihi barua za serikali mpaka uchungu ukimshika. Mimi niliyezaa mmoja nikalala siku arobaini nikilishwa uji wa pilipili manga niliinamia sindano yangu.

Kwa fundi, watoto kumi na sita maana yake ni viuno. Tulimshonea mwigizaji matumbo manne ya pamba ya ukubwa mbalimbali, na gauni zenye kamba ubavuni za kulegezwa. Mama Karin akaendelea kutupa habari za familia. Ndui ilimchukulia watoto watatu, na binti mmoja aliyesifiwa kwa uzuri ikamwachia uso wa makovu. Yeye mwenyewe aliolewa na Franz, mwanamume aliyempenda tangu utotoni, lakini watoto wake aliwaoza kwa siasa, akamwachia mmoja tu, kipenzi chake, aolewe na amtakaye. Binti yake wa mwisho alimpeleka Ufaransa akiwa na miaka kumi na minne, akawa anamwandikia barua za kumkanya kila mara. Yule ndiye aliyekuja kukatwa kichwa na watu wa kule, mama akiwa ameshalala kaburini. Wewe Wambui uliweka pasi chini ukasema, "Heri hakuona." Nilikupenda siku ile.

Halafu Mama Karin akatuonyesha picha ya malkia utuuzimani, nikasema, "Huyu namjua, ni Mwislamu." Karakana ilicheka mpaka mtu akadondosha kopo la pini. Lakini nilisema nilichokiamini. Bibi yangu Tanga alikuwa na riale la fedha la zamani, limetobolewa na kutiwa mkufu, na juu yake kuna mama mnene aliyejifunika kichwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jamaa yetu. Nilipokua nikakata shauri kwamba ni mke wa sultani fulani, kwa sababu ya ule ushungi. Kesho yake nikaenda na lile riale, maana nilikuwa nimelirithi. Mama Karin akalisoma pembeni kwa lenzi, jina lilelile. Zilikuwa fedha za Maria Theresa, ziliendelea kupigwa na uso wake hata baada ya kufa kwake, zikazunguka na wafanyabiashara mpaka pwani yetu. Akatazama tena namna shela linavyoanguka nyuma ya sikio, akarudi mezani, akachana karatasi ya shela aliyokuwa ameikata, akaanza upya. Aliyecheka sana siku iliyopita akanichemshia chai.

"Mwana," Mama Karin akaniambia jioni ile, "hiyo si dini. Ni ujane."

Akanieleza. Franz alikufa ghafla, familia ikiwa Innsbruck kwa harusi ya mtoto wao. Alikuwa anatoka kutazama mchezo thietani, akaanguka njiani kuelekea chumbani. Malkia akakata nywele zake, nguo zake na mapambo akawagawia wanawake wa nyumba yake, akavaa nyeusi. Ndani ya kitabu chake cha sala akaandika ndoa yao ilikuwa ya miaka mingapi, miezi mingapi, wiki, siku, mpaka saa. Na inasimuliwa kwamba sanda ya mumewe aliishona kwa mikono yake. Ile nyeusi hakuivua tena hadi anakufa, miaka kumi na mitano baadaye.

Nikamwambia kwetu ni miezi minne na siku kumi. Akauliza nini hicho, nikamwambia ni eda. Mke akifiwa na mume anatulia ndani ya nyumba muda huo, hajipambi, hajitii manukato, hafanyi mambo ya nje bila haja, anamkalia. Ukiisha anaoga, anatoka. Mama Karin aliweka chaki chini. "Kuna mwisho wake," akasema. "Hiyo ni busara." Nilimjibu kwa mzaha kwamba Rajabu amenikataza kuwa mjane mpaka amalize kulipia gari.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi ya wiki iliyofuata nilikuwa chumba cha vipimo na mwigizaji wa malkia, nimepiga magoti na pini mdomoni, napima urefu wa pindo. Simu haziingii chumba kile, mnaijua sheria, na sheria ile niliipigania mimi. Tulikaa humo zaidi ya saa moja kwa sababu pindo lilikuwa likinikataa na mimi nilitaka liwe sawasawa. Nilipofungua kabati langu nikakuta Zuhura amepiga mara kumi na moja. Baba yake alianguka jikoni, moyo, akapelekwa hospitali, akaishi dakika arobaini akiuliza Mama Zuhura yuko wapi.

Pini nilikuwa bado nazo kwenye ukosi wa blauzi nilipofika. Nilimkuta ameshafunikwa. Sitaki kulipamba hili. Mume wangu aliniita na mimi nilikuwa nanyoosha pindo la mtu anayeigiza mjane.

Mazishi yalikuwa kesho yake baada ya swala ya Ijumaa. Rafiki yake wa tangu chuoni, anayekaa Savage, alikuja na vijana wa msikitini wakamwosha. Nilikaa chumba cha pili na sanduku langu la uzi mapajani, sijui kwa nini nililibeba. Nilimwuliza yule rafiki kama kuna chochote cha kushonwa. Akanijibu kwa upole, "Shemeji, sanda haishonwi." Nilikuwa nikijua. Kila mtoto wa Tanga anajua, shuka tatu nyeupe, zinachanwa kwa mkono, basi. Lakini nilikuwa nimemshonea Rajabu kila shati la Idi, kila suruali ya kazi, joho la siku alipopata uraia, hata glavu. Akaingia ardhini na nguo isiyo na mshono wangu hata mmoja. Hilo liliniuma mahali ambapo msiba wenyewe ulikuwa haujafika.

Basi nikataka kitu kimoja tu, nimkalie eda kamili. Saa yake ya mwisho nilimnyima, nikaona miezi minne na siku kumi siwezi kumnyima. Nikajaza fomu ya ruhusa kwenye simu. Palipoandikwa sababu nikaandika neno moja, Eda, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutafuta jingine. Wiki ile ile ikaja kadi nzuri yenye maua, imetiwa sahihi na ofisi nzima ya wafanyakazi, wakinipa pole kwa kuondokewa na Eda. Chini kuna mtu aliongeza kwa mwandiko wake kwamba anaamini Eda alikuwa mwanamke wa pekee. Zuhura aliisoma, akajaribu kujizuia, tukacheka wote wawili huku tunalia, na kile kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba.

Barua iliyofuata haikuchekesha. Msiba una siku tatu, ikasema. Kwa kunihurumia wataongeza mpaka wiki mbili. Baada ya hapo, kwa kuwa mchezo wa malkia ni mkubwa na mikono ni michache, watalazimika kuweka mtu mwingine kwenye nafasi yangu. Zuhura anafanya kazi Eden Prairie, kwenye zile ofisi za vioo, barua za namna ile anazielewa. Tangu utotoni namsemesha Kiswahili naye ananijibu Kiingereza, lakini siku ile alikuja kwa Kiswahili chake kilichovunjika, nikajua mambo ni mazito. "Mama, nenda kazi. Sheikh alisema mchana unaweza. Nilimwuliza mimi." Ni kweli, sheikh alisema mjane mwenye haja anaweza kutoka mchana akarudi. Nikamwambia, "Mwanangu, ruhusa ninayo. Nafsi ndiyo sina."

Akaniuliza kwa Kiingereza nikipoteza kazi nitafanya nini, katika umri huu, na mguu wangu huu mbovu. Karakana ilikuwa mahali pekee nchi hii ambapo mtu alinihitaji mimi, siyo mke wa Rajabu wala mama yake Zuhura. Niliogopa sana, Wambui. Nilikuwa nikiamka alfajiri naswali, halafu nakaa kitako kwenye zulia nikikunja na kukunjua ile barua.

Yaliyotokea ofisini nilisimuliwa na wewe mwenyewe, kwa sababu Mama Karin kamwe hakuyataja. Ulisema alivua aproni, jambo ambalo halijawahi kuonekana kabla ya saa kumi na moja, akapanda juu na mkoba wa michoro ya mavazi. Akamtandazia mkuu wa wafanyakazi picha za malkia mezani, moja baada ya nyingine, nyeusi, nyeusi, nyeusi. Akamwambia, "Huyu mama tumeandika jina lake kwa taa nje ya jumba kwa sababu alimlilia mumewe miaka kumi na mitano. Mwana anaomba miezi minne. Niambie yupi kati yao anatusumbua." Halafu akasema kwamba mtu mwingine akiwekwa mezani kwangu, amtafute na wa kuweka mezani kwake.

Jumapili alikuja Fridley. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaketi kwenye zulia na magoti yake mabovu ingawa makochi yalikuwepo, kwa sababu mimi nilikuwa chini. Zuhura alimletea chai ya tangawizi. Alikunywa kikombe kizima.

"Eda inakataza kushona?" akauliza.

"Haikatazi."

"Basi malkia atakuja hapa."

Ndivyo kiti changu kilivyohamia nyumbani. Wewe Wambui ukawa unaendesha kutoka mjini mara mbili kwa wiki na malkia kwenye mifuko, bitana huku, mikono kule, sanamu yake imefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele. Siku ya kwanza ulisimama mlangoni ukashangaa kunikuta na kanga iliyopauka. "Mama, mbona huja-vaa black?" Nikakuambia nyeusi ni ya malkia, yangu ni kutulia. Ukakaa, ukala wali, ukanieleza habari za karakana. Ulipoondoka nilikuwa najisikia mtu.

Nilimshonea malkia weusi wote chumbani kwangu. Gauni la kwanza la ujane lilikuwa la hariri nzito isiyong'aa, na nyeusi ni kitambaa kibaya kwa macho ya mtu mzima, kila mshono unautafuta kwa kidole. Nilimfikiria sana mama yule. Nilikuwa nimemcheka kwa kutokuvua ile nyeusi miaka yote, na sasa nilimwelewa, ila nilimwonea huruma kwamba hakuna aliyempangia siku ya kutoka. Mimi Zuhura alikuwa akinikatia siku kwenye kalenda. Nikianza kuzama, najua Jumamosi ile ni siku ya sabini na tatu.

Halafu ikaja sanda. Kwenye mchezo kuna mahali malkia anakaa peke yake akiishona sanda ya mumewe. Karatasi ya kazi iliyoletwa iliandikwa tu: sanda, nyeupe, kwa ajili ya jukwaa. Nikaifanya kazi ile asubuhi moja. Nilipima, nikachana shuka tatu kwa mkono bila mkasi, nikazikunja, nikakupa upeleke. Saa nane Mama Karin akapiga simu.

"Mwana, nimepokea shuka. Sanda iko wapi?"

"Hiyo ndiyo sanda."

"Hakuna mshono."

"Sanda haina mshono, Mama Karin."

Mimi nikaanza kueleza, shuka tatu, zinachanwa, na katikati ya maelezo nikaacha habari za shuka. Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu sanduku la uzi mapajani. Nikamwambia pindo la malkia lilivyonikalisha mle ndani Rajabu akiniita. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu pindo, hata Zuhura. Alisikiliza mpaka mwisho. "Hii ya malkia ina mshono," akasema. "Iandae wewe. Mtu mwingine asiiguse."

Mwigizaji akaletwa Fridley. Watazamaji wa thieta ile wanakaa karibu, hawezi kujifanya anashona, lazima ashone kweli. Nikamfundisha siku nne, jinsi ya kuzungusha uzi kidoleni, jinsi ya kuinamisha shingo. Alikuwa mzito wa sindano. Siku ya nne aliacha kutazama vidole, nikamwambia sasa anashona.

Eda yangu iliisha wiki moja kabla ya mchezo kuanza. Zuhura alinipeleka karakana mwenyewe, nimeoga, nimejitia udi. Kiti kilikuwa pale pale. Lakini kazi niliyoitaka zaidi ilikuwa moja, na ninyi mlidhani nawaonea wivu. Kila siku ya mchezo malkia aliishona ile sanda mbele ya watu, na kila mchana lazima mtu aifumue ili ashone tena. Ni kazi ya mwanafunzi. Niliifanya mimi, wiki sita. Nilikaa na kisu cha kufumulia nikatoa mishono yake mmoja mmoja, nikapiga pasi mashimo ya sindano yazibe. Alikuwa hafiki mwisho, taa zilizimwa akiwa amebakiza kama shubiri mbili. Sikuchoka na kazi ile hata siku moja. Ilikuwa ni kama nakaa na mgonjwa.

Mchezo ulipokwisha, kesho yake ilikuwa siku ya kubomoa. Ninyi nyote mlikuwa jukwaani mnabeba mbao. Nilishuka karakana mchana kama kawaida na kisu changu, nikaikuta sanda mezani, imeshonwa mpaka pale pa taa kuzimwa. Mama Karin alikuwa anafunga nguo kwenye masanduku ya stoo. Akaniambia, "Leo hakuna haja ya kufumua, Mwana." Ndipo nikatambua kwamba nilikuwa nimekuja bila kufikiri. Nikaketi. Nikatunga sindano, nikashona zile shubiri mbili zilizobaki, mishono midogo, ile ninayoishona kwenye kola za mashati. Nikapiga fundo, nikakata uzi kwa meno, jambo ambalo yeye alinikataza tangu mwaka wa kwanza. Yeye akaendelea kufunga nguo.

Mnajua kila nguo inayoingia stoo inashonewa lebo yenye jina la mchezo, jina la nguo, na jina la aliyeivaa. Sanda ile haikuvaliwa na mtu, mume wa malkia haonekani jukwaani akiwa maiti. Mama Karin akajaza lebo, akaandika mchezo, akaandika sanda. Alipofika pa mvaaji akanisogezea kalamu.

Wambui, uliwahi kuniuliza yule wa kwenye lebo ya sanda ni mwigizaji gani, kwa sababu ulimtafuta kwenye orodha zote hukumwona, nami nikajifanya nimesahau. Sanda iko sanduku la nne, rafu ya chini, upande wa mavazi ya karne ya kumi na nane. Wakitaka kuiazima, waazimeni nyingine. Ile ina mwenyewe, na jina lake ni Rajabu.